Binti Yetu Anataka Kujifunza Kuandika Programu za Kompyuta: Anafundishwa Nini, na Mzazi Aulize Nini?



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi, swali hili limetufikia kutoka kwa mama mmoja wa Pemba. Anasema skuli anayosoma binti yake imeanzisha darasa la kompyuta la jioni kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Watafundishwa kuandika programu za kompyuta, na pia kutengeneza sauti, picha na video. Binti ameleta karatasi ya ridhaa ili mzazi aitie saini. Baba yake ameikunja akaiweka juu ya kabati, akasema hataki mwanawe afunzwe upuuzi wa mitandaoni. Mama hajui amuunge mkono nani, kwani anakiri kwamba hicho kinachofundishwa hakijui. Karatasi inatakiwa irudi skuli wiki ijayo.

Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa kukifahamu kitu hutangulia kukihukumu. Basi tuanze kwa kulieleza darasa lenyewe, halafu tuje kwenye khofu ya baba, ambayo si khofu ya bure, na mwisho tumjibu mama huyu.

Kuandika programu ni kufanya nini?

Kompyuta haina akili ya kujiamulia. Inafuata maagizo, hatua baada ya hatua, kama yalivyoandikwa. Kuandika programu, ambako vijana wenyewe wanakuita kodingi, ni kuandika maagizo hayo kwa lugha ambayo mashine inaifuata.

Tutoe mfano ambao kila nyumba ya Kiislamu inaufahamu: zaka ya fedha zilizowekwa akiba. Tuseme mwanafunzi amepewa kazi ya kutengeneza programu ya kuhesabu zaka. Ataandika maagizo yake hivi:

1. Muulize mtumiaji bei ya gramu moja ya dhahabu leo.
2. Zidisha bei hiyo kwa 85. Jibu hilo ndilo nisabu.
3. Muulize ana akiba kiasi gani.
4. Muulize kama akiba hiyo imetimiza mwaka mmoja wa mwezi muandamo bila kushuka chini ya nisabu.
5. Ikiwa akiba ni kubwa kuliko nisabu au ni sawa nayo, na mwaka umetimia, toa asilimia 2.5.
6. Ikiwa sivyo, mwambie zaka haijamuwajibikia.

Tuchukue bei ya mfano tu, gramu moja shilingi 200,000. Nisabu itakuwa shilingi 17,000,000. Mwenye akiba ya shilingi 20,000,000 iliyotimiza mwaka ataambiwa atoe shilingi 500,000. Maagizo haya sita yakiandikwa kwa lugha ya kompyuta, hata na mwanafunzi wa miezi michache, hayajazi ukurasa mmoja.

Sasa angalia pale ambapo mwanafunzi anafundishika hasa. Tuseme katika hatua ya tano ameandika "kubwa kuliko nisabu" akasahau "au ni sawa nayo". Programu itafanya kazi vizuri kwa watu wengi, lakini siku atakapokuja mtu mwenye shilingi 17,000,000 kamili, itamwambia hana zaka, na ilhali anadaiwa shilingi 425,000. Au tuseme amehesabu mwaka kwa siku 365. Mwaka wa mwezi muandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo programu yake itawachelewesha watu kwa siku kumi hivi. Kompyuta haitamwambia kwamba amekosea, maana imetii alichoandika. Ni juu yake kukaa, kusoma mstari mmoja mmoja, kujaribu kwa tarakimu tofauti, na kulitafuta kosa. Kazi hiyo ya kutafuta kosa ndiyo inayochukua muda mwingi zaidi darasani, na ndiyo inayomjenga mtoto katika subira na ukweli. Hawezi kuitupia lawama mashine.

Kuna somo jingine ndani ya mfano huu. Wapo wanazuoni wanaopima nisabu ya fedha za leo kwa dhahabu, gramu 85, na wapo wanaopima kwa fedha, yaani silva, gramu 595. Kuhusu madeni pia wametofautiana kama yatolewe kabla ya kuhesabu au yasitolewe. Programu haiwezi kuamua masuala haya. Lazima mwandishi wake aende kwa mwenye elimu, aulize, kisha aandike. Mtoto aliyeandika programu kama hii kwa mkono wake anajua jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: kwamba jibu linalotoka kwenye simu limewekwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuwa amekosea.

Je, haya ni mambo ya wageni?

Baadhi ya wazee huyaona mambo haya kuwa ni ya kigeni tangu asili yake. Wakumbuke kwamba mpango wa hatua za kufikia jibu, kama ule wa zaka tuliouona, huitwa algoriti, na neno hilo limetokana na jina la mwanachuoni wa Kiislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi zake Baghdad katika karne ya tisa Miladia, zama za Khalifa al-Ma'mun. Kitabu chake cha hesabu ndicho kilichoipa dunia neno aljebra, na sehemu yake kubwa ya mwisho inahusu hesabu za wasia na mirathi. Watu walikuwa na mali za kugawa, na hesabu zilitakiwa ziwe sawa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Wete au wa Makunduchi anayeandika programu ya mirathi anarejea kwenye kazi iliyoanzwa na Waislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Wanafunzi huanzia wapi?

Madarasa mengi huanza na Scratch, programu iliyotolewa mwaka 2007 na watafiti wa chuo cha MIT, Marekani. Ni ya bure. Mwanafunzi haandiki maneno mengi. Anapanga vipande vya rangi vinavyoshikana, kila kipande kikiwa ni agizo moja. Scratch inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, jambo linalomsaidia sana mtoto ambaye Kiingereza bado kinampa tabu.

Baada ya hapo huja HTML, ambayo hutumika kupanga kurasa za tovuti: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha. Kisha huja Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, inayopendwa kwa kufundishia kwa sababu maandishi yake ni mafupi na yanasomeka.

Wazazi wengi huogopa gharama za bando. Scratch na Python zote mbili zinaweza kupakiwa kwenye kompyuta mara moja, zikatumika bila ya intaneti. Kompyuta ya zamani inatosha kwa kuanzia. Na skuli ikiwa na kompyuta 10 kwa wanafunzi 30, maalim mzuri huwaweka watatu watatu: mmoja anaandika, mwengine anasoma na kukosoa, wa tatu anaweka kumbukumbu kwenye daftari, kisha wanabadilishana. Umeme ukikatika, daftari linabaki. Muhimu ni kuwa zamu zifuatwe, maana pasipokuwa na usimamizi mmoja hushika kibodi wiki nzima na wenzake wakawa watazamaji.

Na hizo sauti, picha na video?

Hapa ndipo ilipo khofu kubwa ya baba, kwani anachokiona kwenye simu za vijana ni ngoma, mizaha na kuaibishana. Lakini kutazama ni jambo moja na kutengeneza ni jambo jingine.

Chukua mfano wa kundi la wanafunzi wanne waliopewa kazi ya kutayarisha kipindi cha sauti cha dakika tano kuhusu karafuu, tangu kuchuma, kuchambua makonyo, hadi kuanika juu ya majamvi. Kwanza wanaandika maswali. Pili wanamwendea mzee mwenye shamba, wanamsalimia, wanamweleza sauti yake itatumika wapi, na wanaomba ruhusa. Tatu wanarikodi kwa simu, mahali pasipo na upepo. Nne wanakaa kwenye kompyuta na programu ya bure kama Audacity, wanapunguza marudio, wanasawazisha sauti. Tano wanahakiki. Mmoja akisema karafuu zililetwa Unguja mwaka fulani, maalim anamuuliza: umeipata wapi? Kama hana jibu, sentensi inatolewa. Suratul Hujurat imetufunza kuhakiki habari kabla ya kuichukua, na hapa mtoto anaifanyia kazi adabu hiyo kwa mikono yake. Mwisho wanamrudia mzee, wanamsikilizisha, na akisema neno fulani liondolewe, linaondolewa.

Mtoto aliyepita katika hatua hizi hatazami tena video kama alivyokuwa akitazama. Anajua kwamba maneno yanaweza kukatwa yakageuzwa maana. Anajua kwamba sasa, kwa akili mnemba, sauti na sura ya mtu vinaweza kuigizwa akasemeshwa asiyoyasema. Kijana kama huyu hatakimbilia kusambaza klipu ya kumchafua Muislamu mwenzake kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuhusu picha, wanazuoni wametofautiana. Wengi wa wanazuoni wa zama hizi wanaona picha ya kamera si sawa na kuchora au kuchonga kiumbe chenye roho, na wapo wanaoikataza ila kwa dharura. Familia inayofuata kauli ya pili haina haja ya kumtoa mtoto darasani. Yapo mengi ya kutengeneza: sauti, maandishi, ramani, nakshi, majengo ya Mji Mkongwe, mimea na bahari. Mzazi amueleze maalim mapema, na maalim anatakiwa aheshimu.

Khofu zenye haki

Tusiifanye nyepesi khofu ya mzazi. Yapo mambo manne ambayo ana haki ya kuyauliza na kuyawekea masharti.

*La kwanza, sura ya mtoto.* Picha ikishatoka kwenye simu moja haikamatiki tena. Hata akiifuta aliyeituma, aliyeipokea anayo. Kazi za wanafunzi zibaki kwenye kompyuta za skuli, na isichapishwe sura, jina kamili wala mahali anapokaa mtoto bila ya ridhaa ya maandishi ya mzazi. Na mtoto mwenyewe aseme ndiyo, maana aibu ikitokea itamkuta yeye. Ajue pia kuwa mitandao mikubwa kama YouTube, Instagram na TikTok imeweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa wa kufungua akaunti, na kutimiza miaka hiyo hakumaanishi kwamba mtoto yuko tayari.

*La pili, mali ya watu.* Kuchukua qaswida, picha au maandishi ya mtu kutoka mtandaoni na kuyaweka kwenye kazi yako bila ya idhini ni kula haki ya mtu. Zanzibar inayo Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003. Wanafunzi wafundishwe kurikodi wenyewe, au kutafuta kazi ambazo wenyewe wameziruhusu zitumike kwa leseni za Creative Commons, na kutaja jina la mwenye kazi. Vile vile mwanafunzi asiiachie akili mnemba imuandikie programu kisha akadai ni yake. Kipimo ni rahisi: aeleze kila mstari unafanya nini. Asipoweza, kazi si yake.

*La tatu, sheria na ulimi.* Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi Bara na Visiwani, na miongoni mwa inayoyagusa ni kusambaza taarifa za uongo. Kijana anaweza kudhani anafanya mzaha na akajikuta pabaya. Kabla ya sheria hiyo tunayo dini yetu: kusengenya kwa maandishi au kwa video ni kusengenya.

*La nne, mazingira ya darasa.* Muda wa alasiri uingie kwenye ratiba, wanafunzi waswali kwa utulivu. Darasa limalizike mapema ili watoto, hasa mabinti, wafike nyumbani kabla ya magharibi. Kompyuta zielekezwe upande ambao maalim anaziona zote. Vikundi vya wavulana na vya wasichana viwe mbalimbali. Mlango uwe wazi, na mzazi aruhusiwe kuingia siku yoyote.

Binti aachwe nyuma?

Tumeona nyumba ambazo kaka anaruhusiwa na dada anakatazwa, kwa hoja ya kumhifadhi. Lakini dada huyo huyo ana simu, au anatumia ya mama yake. Mitandao anaifikia kwa vyovyote, isipokuwa anaifikia peke yake, bila ya maalim wa kumuonyesha namna ya kuweka neno la siri madhubuti, namna ya kumtambua mtu anayejifanya rafiki, na kwamba akitishwa kwa picha asikae kimya bali awaambie wazee wake siku hiyo hiyo. Kumkataza darasa hakumkingi na hayo.

Kisha kuna suala la riziki na heshima. Kuandika programu, kupanga kurasa na kuhariri sauti ni kazi ambazo baadhi yake mwanamke anaweza kuzifanya akiwa nyumbani kwake, kwa stara yake. Na jamii yetu inahitaji wanawake wenye ujuzi huu: wa kuwafundisha mabinti wenzao na wa kutengeneza vipindi vya watoto kwa Kiswahili chetu. Tukiwazuia leo, kesho tutalalamika kwamba mabinti zetu hawana maalim wa kike.

Hapa pia tuseme ukweli kwa upande wa pili. Darasa la miezi mitatu halimfanyi mtu kuwa fundi, wala si ahadi ya ajira wala ya utajiri. Mzazi atakayeambiwa atoe fedha nyingi kwa ahadi kwamba mwanawe ataanza kulipwa kwa dola baada ya wiki chache, ashike mfuko wake. Ujuzi huu ni kama wa useremala: unaanza na kupiga randa ubao mmoja, na miaka ndiyo inayomkomaza fundi.

Maswali ya kumuuliza maalim, na la kumuuliza mtoto

Mzazi hahitaji kujua kompyuta ili asimamie. Amuulize maalim: Mwisho wa muhula mwanangu atakuwa ametengeneza nini? Kazi zake zinawekwa wapi na nani anaziona? Intaneti inatumika muda gani, na kwa usimamizi wa nani? Darasa linamalizika saa ngapi? Nani anakuwemo chumbani? Maalim mwenye nia njema hatachukizwa na maswali haya.

Mtoto naye aulizwe jambo moja kila wiki: nionyeshe ulichokitengeneza, na unieleze kinavyofanya kazi. Akionyesha programu ndogo ya kuhesabu mapato ya duka la mjomba, au sauti ya bibi akieleza namna ya kusuka ukili, utajua muda wake umekwenda wapi. Wiki ikipita, na ya pili, na ya tatu, na hana cha kuonyesha, hapo pana la kuuliza. Na akikueleza, msikilize mpaka mwisho hata kama hukufahamu yote. Mtoto aliyezoea kumuonyesha baba yake kazi zake hataona uzito kumuonyesha pia ujumbe uliomtisha.

Jibu letu kwa mama wa Pemba

Kujifunza kuandika programu na kutengeneza sauti na picha, kwa asili yake, ni miongoni mwa mambo ya mubaha, na hukumu yake hufuata kinachotengenezwa na namna kinavyotengenezwa. Ikiwa darasa lina usimamizi na adabu kama tulivyoeleza, hatuoni sababu ya kisharia ya kumzuia binti huyu. Hata hivyo baba yake ni mlezi, na wivu wake juu ya mwanawe ni jambo la kusifiwa. Hatukushauri, ewe mama, utie saini kwa siri, wala usimwambie mtoto kwamba baba yake amekosea.

Mwambie mumeo, kwa upole, mwende pamoja skuli kabla ya siku ya kurudisha karatasi. Kaeni nyuma ya darasa kwa saa moja, muone kinachofanyika, muulize maswali tuliyoyataja. Mkiridhika, baba aiteremshe karatasi ile juu ya kabati, atie saini yeye mwenyewe, na chini ya saini aandike masharti yake: binti arudi kabla ya magharibi, sura na jina lake visichapishwe, na kila Ijumaa aonyeshe nyumbani alichokitengeneza. Mkiona darasa halina usimamizi, elezeni skuli kasoro hizo kwa uwazi, na msubiri zirekebishwe. Kukataa baada ya kuona si sawa na kukataa kwa kusikia.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awahifadhi na shari za dunia wanayoiishi, na awape wazazi hekima ya kuwaongoza.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.